Kufuli la Depo ya Kilio

Muuzaji alikuwa amekwisha kukasirika, na sikumlaumu. Maman Eulalie alikuwa ameyatandaza makufuli yake chini, juu ya gunia, na sasa alikuwa akiyagonga moja moja kwa jiwe alilolileta kutoka nyumbani. Nasema kutoka nyumbani. Tulitoka Nyalukemba hadi soko la Kadutu kwa pikipiki, sisi wawili nyuma ya dereva mmoja, na huyu mwanamke amebeba jiwe ndani ya mkoba, kana kwamba Kadutu hakuna mawe.

"Maman, unaniharibia biashara," alisema muuzaji, mwanaume mnene aitwaye Cédric. "Ulipe kwanza, alafu utagonga kwako."

"Mwizi atagonga bila kulipa," Maman Eulalie alijibu bila kuinua kichwa. "Basi na mimi nigonge. Leta ile kadena ingine."

Kadena ndilo jina letu la kufuli, na ukisikia "njo", ni "ndio" yetu. Mimi ni Yolande, jirani yake. Ukuta wa jikoni yangu ndio ukuta wa chumba chake, kwa hiyo nasikia hata anapogeuka kitandani, na siku zile aligeuka mno. Ni fundi wa kushona. Tangu nimjue ameketi kwenye baraza yake na cherehani ya miguu, na miguu yake imezoea kukanyaga hata pasipo na cha kukanyaga. Kanisani inakanyaga, mezani inakanyaga. Ukimwambia atulie, anakujibu kwamba atatulia siku watakapombeba. Mtu wa namna hiyo ndiye aveni yetu, yaani mtaa wetu, ilimchagua kutunza depo ya kilio, kwa sababu yupo nyumbani siku zote.

Depo yenyewe ni kibanda cha mbao na mabati, uani kwake. Ndani kuna viti vya plastiki, turubai, madumu ya maji na sufuria kubwa za kupikia waombolezaji. Mtu akifiwa katika aveni, kabla hajamaliza hata kelele yake ya kwanza, viti vimeshatoka. Hakuna kumngoja prezida wa chama chetu cha kuzikana, hakuna kuomba ruhusa. Maman Eulalie anafungua, watu wanabeba.

Si kazi ya mshahara, lakini asije mtu akamwambia ni kazi ndogo. Mume wake, Papa Philémon, alipofariki, aveni yetu haikuwa na hata kiti kimoja cha pamoja. Tuliazima kwa watu wa aveni ya juu. Maiti ikiwa bado nyumbani, wakaja kuvichukua, maana kwao pia kulikuwa kumetokea kifo. Nilikuwepo. Waliwaomba watu wasimame, wakavikusanya viti kutoka chini yao, na mama mkwe wa Eulalie, mzee wa watu, akabaki ameketi kwenye udongo uliolowa mvua. Eulalie hakulia siku ile. Alikasirika. Kilio kilipokwisha alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba, akatusumbua mpaka tukachanga, mpaka tukanunua, na tangu hapo hakuna mtu aliyekosa pa kukaa katika kilio chetu.

Ndiyo maana sufuria mbili zilipopotea, lililomuuma halikuwa sufuria.

Zilikuwa zile kubwa kabisa, moja ina sikio lililofungwa kwa waya. Alifungua depo asubuhi moja ili apanguse viti vumbi, akakuta nafasi tupu. Na kufuli? Kufuli lilikuwa limefungwa vizuri mlangoni, halina hata mkwaruzo. Mbao nzima, mabati mazima. Mwizi gani anaiba halafu anafunga mlango kwa adabu? Aveni ilijiuliza swali hilo kwa muda mfupi tu, kisha ikajijibu yenyewe. Ufunguo alikuwa nao mtu mmoja. Hakuna aliyemwita mwizi. Walianza tu kumsalimia kwa sauti ya chini, na vitambaa vya kushonwa vikaanza kupita mbele ya baraza yake vikienda kwa fundi mwingine. Prezida wetu, Papa Isidore, akatangaza mkutano wa Jumapili baada ya misa. Kila mtu alijua kitakachosemwa pale: vitu vihamie kwake Isidore, mwenye ukuta wa matofali na geti la chuma.

"Bakivitoa kwangu, njo batakuwa bamesema niko mwizi," Eulalie aliniambia. "Hata midomo isifunguke, batakuwa bamesema. Nitakufa na ile jina, Yolande."

Hiyo ndiyo sababu ya Kadutu na ya lile jiwe. Alitaka kufuli ambalo angelionyesha mkutano mzima na kusema: hili halifunguki, niachieni vitu. Mimi sikuona litasaidia nini, maana hata la kwanza halikuvunjwa. Lakini ukiwa jirani yake huna hiari. Unaitwa, unakwenda.

Basi aligonga. Aliyakataa yote yenye shingo ndefu. "Hapa chuma inapita, mutu anavuta, imekwisha." Aliyakataa mepesi, akisema yanafaa kufunga valizi ya mtoto wa shule. Kisha akafika kwenye yale ya njano yanayong'aa, akasimama, akageuza moja mkononi.

"Hii njo ile ya depo," alisema. "Kabisa kabisa."

Akafungua fundo la kikwembe chake, kitenge alichojifunga, akatoa ufunguo wa kufuli lake la zamani. Nadhani alitaka kulinganisha tu. Akauingiza. Kufuli la Cédric likafunguka. Akalichukua jingine la njano, akaingiza. Likafunguka. Miguu yake ikaanza kukanyaga pale pale sokoni, juu ya maganda ya ndizi.

"Ah, maman," alisema Cédric, hana habari, "ile ya njano iko ya katoni. Za katoni zote zinafananaka funguo. Batu banajua."

"Batu gani banajua?" Eulalie aliuliza. "Batu gani?"

Sisi hatukujua. Baada ya zile siku za vurugu, maduka yalipovunjwa mjini na kila mtu analala na kabati nyuma ya mlango, alipita mtu katika aveni yetu na katoni kichwani. Makufuli ya njano. Tulimkimbilia. Papa Isidore alinunua mengi kuliko sisi wote: la geti, la jikoni, na la kile chumba cha uani anachopangisha. Eulalie alinunua la depo. Mimi nilinunua la mlango wangu, na nikamdai mchuuzi huyo punguzo, nikajiona mjanja. Siku ile aveni nzima iling'aa. Tukaanza kulala usingizi mzuri, wajinga sisi, kila mmoja na ufunguo wa nyumba ya jirani yake mfukoni.

Nilicheka kwa sauti pale sokoni. Kisha nikakumbuka televisheni yangu na gunia langu la maharage nyuma ya kufuli la njano, nikaacha kucheka.

Eulalie alichagua la mwisho kabisa, lililokuwa chini ya meza kwa sababu hakuna aliyekuwa akilinunua. Chuma kitupu, zito, mabega yake yamefunika shingo hata patasi haipati pa kuingia. Alipoligonga, jiwe ndilo lililopasuka. Lilikuja na funguo tatu. Alizijaribu zote tatu katika kila kufuli la Cédric, na kila ufunguo wa Cédric katika lile moja, mpaka mwenye duka akakata tamaa akaketi chini. Kufuli lile likifungwa hulia klak mara mbili. Ukisikia klak moja tu, bado. Bei nisiulizwe.

Njiani nilikuwa na furaha kama mtu aliyeshinda kesi. "Umepona! Jumapili utawaonyesha ile funguo, batafunga midomo."

"Sitaonyesha."

Nilidhani upepo wa pikipiki ulikuwa umeniharibia masikio. Nilimfanya arudie.

"Fikiri, Yolande. Leo mwenye anajua ni mwizi peke yake. Nikisema mbele ya batu bote, kesho itajulikana mpaka kwa bageni yao. Maman Déborah ule mujane analalaka yeye moja. Atatoa wapi kadena ya nguvu?"

"Na jina yako?"

Nilisikia visigino vyake vikigonga bomba la pikipiki. "Sijui," alisema. "Usiniulize. Sijui."

Alilifunga kufuli jipya kwenye depo, na Jumamosi yote hakushona kitu. Anakaa, anainuka, anakwenda kulivuta kama limeshika, anarudi, anainuka tena. Nilimpelekea sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga, akala moja amesimama.

Jumapili watu walikuja, wakakaa uani kwake juu ya viti vile vile alivyowapigania. Papa Isidore alivaa koti. Aliongea sana, na uzuri wa maneno yake ndio uliniudhi. "Hakuna mutu anasema Maman Eulalie aliiba. Hapana, hapana. Tunasema tu, bintu ya batu bote inaomba usalama." Eulalie akasimama, akaonyesha mlango wa depo, akasema ameweka kadena mpya na iko na nguvu. Mtu mmoja nyuma akasema hata ile ya kwanza haikuvunjika. Watu wakacheka kwenye viganja. Akaketi. Nikamtazama, nikangoja aseme. Miguu ilikuwa ikikanyaga, mdomo umefungwa.

Mimi sikuumbwa hivyo. Nilinyoosha mkono, nikalifungua fundo la kikwembe chake, nikautoa ule ufunguo wa zamani, nikavuka njia hadi kwenye geti la Papa Isidore lililo mkabala.

"Papa Isidore, kuya uone!" nililia. "Kuyeni bote muone!"

Nikaingiza ufunguo wa Eulalie kwenye kufuli la prezida. Likafunguka. Nikalitoa, nikaliinua juu ili hata walio nyuma walione, kisha nikaenda kwenye mlango wangu, nikaufungua kwa ufunguo ule ule. Sijutii hata leo. Watu wakazigeuza funguo zao mikononi, wakatazamana. Halafu wote kwa pamoja wakakimbia. Viti vilianguka, mama mmoja aliacha kiatu. Kila mtu alikimbilia mlango wake, na mbele ya wote alikuwa Papa Isidore, koti likipepea.

Nilirudi uani nikiwa nimevimba kwa sifa. Eulalie alikuwa ameketi peke yake katikati ya viti vilivyopinduka. Sivyo. Hakuwa peke yake. Nyuma kabisa, karibu na choo, Aurore alikuwa bado amekaa, mikono katikati ya magoti. Aurore ndiye anayepanga kile chumba cha uani kwa Isidore, yeye na mtoto wake. Wapangaji huja mkutanoni kusikiliza tu. Isidore aliamua zamani kwamba hawaingii katika chama, leo wapo na kesho wamehama, kwa hiyo wakifiwa depo haiwahusu.

"Aurore," alisema Eulalie, "weye hauendi kuangalia mulango yako?"

"Nilishajua, maman."

Niliketi. Aurore aliongea akitazama chini. Mama yake alikuwa amefariki kijijini Mumosho, walimpigia simu asubuhi, gari la kwenda kule likawa linamngoja barabarani. Kwao hakukuwa na chombo cha kupikia watu. Alikuja kumwomba Eulalie sufuria, akamkosa, ameenda kupeleka nguo za watu. Alisimama mbele ya depo akilia, na katika kulia akaujaribu ufunguo wa chumba chake, hata hajui kwa nini. Mlango ukafunguka. Alikuwa azirudishe baada ya maziko. Wazee wa kwao wakakataa zisiondoke kabla kilio hakijaisha, na aliporudi mjini alikuta aveni nzima inazungumzia mwizi.

"Na ukaniacha!" Eulalie alikuwa amesimama, anapiga kelele ambayo sijawahi kumsikia akipiga. "Mimi naitwa mwizi na weye unapita hapa kila asubuhi, 'bonjour maman', 'bonjour maman'! Nilishonea mutoto yako robe ya komunyo, sikukuomba hata uzi! Ulitaka nikufe na ile jina?"

Kwa kweli nilifurahi akifokewa, nilitaka afokewe mpaka jioni. Lakini Eulalie alikata maneno katikati, akamtazama.

"Na viti? Kule Mumosho batu balikaa wapi?"

"Chini, maman."

Nilisikia kimya cha ajabu, nikatambua ni miguu ya Eulalie. Ilikuwa imesimama.

"Sufuria uzilete," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Kisha akanigeukia. "Na weye Yolande, funga mudomo. Papa Isidore atamufukuza, na iko mvua. Apa."

Niliapa, kwa hasira, lakini niliapa.

Watu walirudi mmoja mmoja kuomba msamaha. Papa Isidore mwenyewe alisema vitu vibaki, jambo limeeleweka, mwizi angeweza kuwa yeyote. Nguo zikarudi kwenye baraza. Kila mlango ukapata kufuli jipya, na Maman Déborah tulimchangia la kwake. Eulalie akawa mtakatifu wa aveni, na ungedhani angelala. Hakulala. Nilisikia kitanda.

Sufuria zilirudi na mama mmoja anayeleta sombe sokoni, zimefichwa chini ya majani hayo ya muhogo. Eulalie alizipokea uani, akaangalia lile sikio la waya, akalifungua kufuli lake la nguvu ili aziingize.

"Ngoja," nilimwambia. "Umefikiri? Ile mulango hakuna mwingine anafungua kuliko weye. Siku sufuria zitaonekana, batasema ulikuwa nazo toka mwanzo. Kila kitu itarudi, na mara hii hakuna katoni ya kukuokoa."

"Nilifikiri. Sikufanya kitu ingine."

"Basi uziache mu njia, useme umeziokota!"

"Sufuria ya kilio haiachwi mu njia."

"Basi useme ukweli!"

"Alafu Aurore atalala wapi?" Akazisukuma ndani, akafunga. Klak, klak. Nilimchukia kidogo siku ile, na nilimwambia.

Muzee Donatien wa nyumba ya mwisho ya aveni akafariki asubuhi ya Jumanne. Depo ikafunguliwa, viti vikatoka, turubai likafungwa, na wanawake wakaomba sufuria zote, maana mzee alikuwa na ukoo mkubwa. Zote zikatoka. Maman Agnès, mke wa Papa Isidore, alikuwa akichota maji. Akaliona sikio la waya, akaweka ndoo chini.

"Hii si njo ile?"

Habari ilipita kati ya viti, na wale waliokuwa wakilia wakapunguza sauti ili wasikie. Papa Isidore akaja mpaka jikoni, chini ya turubai, na watu wakampa njia.

"Maman Eulalie," alisema polepole. "Ile kadena yako ya nguvu. Iko mutu ingine mwenye funguo?"

"Hapana, papa. Niko nazo zote tatu." Alizionyesha, ziko kwenye kamba shingoni.

"Na sufuria?"

"Zilirudi."

Alisimama wima mbele ya aveni nzima, anawaacha wafikiri wanachofikiri, na mimi nilikuwa nimefungwa na kiapo. Kando yetu Aurore alikuwa akisonga bugali katika sufuria ile ile, moshi usoni. Mwiko ukasimama.

"Ni mimi nilizibeba," alisema. Hakusema kwa nguvu, lakini kila mtu alisikia. "Maman hakuiba. Ni mimi. Mama yangu alikufa, sikukuwa na sufuria."

Papa Isidore alifungua mdomo. Eulalie akamtangulia.

"Aurore, songa! Bugali inaungua na batu banangoja."

Kisha akavua ile kamba shingoni, akatoa ufunguo mmoja, akauchukua ukingo wa kikwembe cha Aurore, akaufunga ndani yake, fundo kwa meno, Papa Isidore akitazama. Mke wake akamsogezea kiti kwa nyuma, akamvuta koti, naye Isidore akaketi.

"Mukimaliza kuosha zote," Eulalie akamwambia Aurore, "weye njo utafunga. Sikiliza ilie mara mbili. Ikilia moja, haijafunga."